Kalenda Kwenye Apu ni Poa, Lakini si Kila Mahali

Umewahi kujaza tarehe kwenye simu ukabaki ukijiuliza ni siku inayotangulia ama ni mwezi? Hauko peke yako. Sisi Kenya tunaanza na siku. Marekani wanaanza na mwezi, na simu nyingine huwa zimewekwa kwa mtindo huo.

Chukua mfano. Unataka kodi ya Februari ijitume yenyewe tarehe 5, kwa hivyo unaandika 05/02. Apu ikisoma Kimarekani, hiyo ni tarehe 2 Mei. Wewe umetulia ukijua mambo yako sawa, kumbe mwenye nyumba anangoja. Pesa zilikuwepo. Kilichokuangusha ni namba mbili zilizobadilishana nafasi.

Ndio maana mimi naunga mkono kalenda ndani ya apu za malipo, ile unayogusa siku badala ya kuiandika. Kwa malipo ya siku zijazo, iwe kodi, karo ama mchango wa chama, haina mpinzani. Jina la mwezi limeandikwa wazi pale juu, kwa hivyo huwezi kuchanganya Februari na Mei. Tena unaona siku ya wiki. Chama chenu hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi? Unaigusa tu bila kuhesabu vidole. Tarehe 5 imeangukia Jumapili na mwenye nyumba hupokea kodi kupitia benki? Basi tuma Ijumaa, usingoje.

Lakini kuna mahali kalenda inageuka kuwa adhabu: tarehe ya kuzaliwa. Hebu fikiria mama aliyezaliwa 1960 anajisajili. Kalenda inamfungukia mwezi huu wa leo. Akirudi nyuma mwezi mmoja mmoja, ni zaidi ya miguso 700! Wengi watachoka njiani, wachague mwaka wowote ama wampe kijana wa duka simu awajazie. Sasa tarehe isipolingana na ile ya kitambulisho, usajili unakwama. Na simu ikishaingia mikononi mwa mtu mwingine, usalama wa pesa zako unabaki kwa uaminifu wake.

Maoni yangu ni haya: tarehe ya kuzaliwa iandikwe, tena kwa visanduku vitatu vyenye majina, Siku, Mwezi na Mwaka. Mtu anaijua tarehe yake kwa kichwa, ama anaisoma kwa kitambulisho. Hahitaji kujua ilikuwa Jumatano. Kalenda ni ya tarehe unayopanga. Ile unayoijua tayari, acha mtu aiandike. Tunaotengeneza na kuuza huduma hizi tusiweke kalenda kila mahali kwa sababu tu inapendeza macho.

Kwa sasa, haya yatakusaidia:

Kwanza, ukikwama kwenye kalenda, gusa mwaka ulioandikwa juu. Kwa simu nyingi za Android, orodha ya miaka itafunguka na utaruka moja kwa moja hadi 1960.

Pili, ukipanga malipo ya kila mwezi, chunga tarehe 31. Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba hazina siku hiyo. Chagua tarehe 28 ama ya chini yake ili usibahatishe.

Tatu, ukilazimika kuandika tarehe, usikimbilie nambari ya siri. Soma kwanza ukurasa wa kuthibitisha. Ukiona mwezi umeandikwa kwa jina na ndio ule uliotaka, endelea. Ukiona namba tupu na una shaka, rudi nyuma ama uulize huduma kwa wateja. Dakika moja ya kuuliza ni rahisi kuliko kumweleza mwenye nyumba mambo ya Mei.