Sista, huyo si 'dere' tu

Ukitaja Makutano, mtu wa Embu anawaza ile njia panda ya kuelekea Nairobi. Sisi wa Meru tunawaza mtaa wetu, klabu, hosteli na bodaboda zisizolala. Hapo ndipo binamu yangu aligongwa akiwa amebebwa kwa boda, saa tano usiku.

Ambulensi ilikuja na dereva na mhudumu mmoja, kijana rika langu. Damu ilikuwa inamwagika mguuni. Jamaa akaufunga juu ya goti, akakaza kabisa, akaandika saa kwenye plasta na kumbandika binamu kifuani. Njiani akanieleza: mguu ukikazwa hivyo zaidi ya saa mbili unaweza kuharibika, kwa hivyo hospitali lazima wajue ulifungwa saa ngapi.

Tulipofika (jina la hospitali naliacha), akaanza kueleza. Nesi hakuinua hata kichwa. "Dere, ngojea huko nje."

Dere! Mtu amezuia damu gizani kwa mwanga wa simu yangu, halafu anaitwa dere. Na hata dereva mwenyewe apewe heshima zake, kwani tulifika vipi? Akajaribu tena, "Sista, tafadhali, huo mguu..." Mlango ukafungwa. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, nisiyejua lolote la utabibu, ndiye niliruhusiwa kuingia kama ndugu wa mgonjwa na kuipeleka hiyo habari. Unaona hiyo hatari?

Kabla umrukie nesi, ngoja. Alikuwa peke yake na benchi limejaa. Pia wako watu wa ambulensi wanaoleta mgonjwa bila kupiga simu, wanamshusha na kuhepa. Halafu kuna hili linaloniuma zaidi: mara nyingi mgonjwa akihamishiwa hospitali kubwa, nesi ndiye hupanda nyuma ya ambulensi na kuiacha wodi yake. Anazijua zile kona za Nithi, pale basi la kutoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia Julai 24, 2022 na kuua zaidi ya watu 30. Hiyo kazi ameifanya. Mbona akiona mwingine akiifanya hamsikizi?

Nadhani ni mambo ya cheti. Nesi ana leseni ya baraza lililoundwa na sheria. Watu wa ambulensi wamelilia lao kwa miaka. Lakini mgonjwa hajui hizo siasa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na bado Oktoba 2015 mwanaume aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi Nairobi akingojea kitanda cha ICU. Hakupona. Saa hizo zote, aliyekuwa kando yake ni mhudumu wa ambulensi. Nani mwingine angejua hali yake?

Ninachoomba ni dakika mbili mlangoni. Wa ambulensi apige simu mapema, aseme alichokiona na alichofanya. Nesi asikize, aulize, aandike.

Na machela irudishwe haraka. Usiku ule binamu alilazwa juu ya machela ya ambulensi kwa sababu vitanda vilijaa. Saa saba nikatoka nje, nikampata yule kijana ameketi kwenye ngazi akiingoja. Simu yake ilikuwa inaita, ajali nyingine, na hakuwa na cha kubebea mtu.