Kabla ya Mashine, Tengeneza Mahali pa Kufulia



Ukiingia nyumba nyingi mpya siku hizi utakuta sebule imepangwa ikapangika: makochi, zulia, kabati la vyombo, pazia mpaka chini. Muulize mwenyeji nguo zinafuliwa wapi, atakuonyesha uani kwa kidole: "Hapo hapo tu." Hapo hapo tu maana yake ni karibu na bomba, kuku wanapita, mkaa unafukuta pembeni, na kamba imefungwa kwenye mti wowote uliokuwepo.

Maoni yetu ni haya: mahali pa kufulia papangwe kabla ya makochi. Hapahitaji vigae wala mashine. Panahitaji akili na makubaliano ya watu wa nyumba hiyo.

Tunaandika kutoka Maore, wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare Kusini. Kazi yetu ni cherehani na vitambaa. Nyinyi wa Unguja na Pemba mna unyevu na chumvi ya bahari, sisi tuna vumbi na jua la tambarare, lakini nguo zetu zinakufa kifo kimoja. Sisi mafundi tunakiona kila siku. Nguo nyingi zinazoletwa kurekebishwa hazikuchakaa kwa kuvaliwa, zimechakaa kwa kufuliwa. Kola imeliwa na brashi. Lastiki imeharibiwa na jiki. Baibui lililokuwa jeusi tititi limegeuka kahawia kwa jua la saa saba mchana. Hiyo yote ni pesa ya nyumba inayomwagika na maji machafu.

Somo la ndiva

Huku Upareni mvua hupenda milimani, tambarare inabaki kavu. Wazee wetu walilijibu hilo kwa ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mfereji usiku ili mchana yafunguliwe kumwagilia mashamba kwa zamu. Ndiva na mifereji yake husafishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya inatoa mtu. Mambo ni matatu: akiba, mpangilio na zamu. Ukikosa moja, shamba la mmoja linakauka huku la mwingine linafurika. Nyumba nayo iko hivyo hivyo kwenye kufua.

Anza na akiba. Weka pipa lenye mfuniko na koki chini, juu ya matofali, liwe karibu na pale unapofulia. Mfuniko unazuia mbu, na unamzuia mtoto mdogo kuinamia maji. Ndoo iliyoachwa wazi inatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kutembea, hili tusilichukulie mzaha. Maji ya suuza ya mwisho ya nguo nyeupe usiyamwage, yaanze kufulia nguo za shamba na matambara ya kudekia. Jenga jiwe au meza ya kufulia inayofika kiunoni. Mgongo wa mwanamke haukuumbwa kuinama saa tatu juu ya beseni la chini.

Matenga mawili, si moja

Hapa ndipo usafi na ibada vinapokutana. Katika Surat Al-Muddaththir, aya ya 4, tumeamrishwa kuzitakasa nguo zetu. Nguo yenye povu na harufu nzuri inaweza kuwa safi machoni na bado isifae kwa swala.

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani na visiwani tunayafuata, maji machache yasiyofikia kullatayn yakiingiwa na najisi yananajisika. Beseni la nyumbani liko mbali sana na kiwango hicho. Kwa hiyo ukitupa nepi ya mtoto yenye mkojo ndani ya beseni lenye kanzu za Ijumaa, umezinajisi kanzu. Utaratibu ni kuiondoa najisi yenyewe kwanza, kisha kuimiminia nguo maji mpaka itakasike, halafu ndiyo iende kwenye sabuni na wenzake.

Ndiyo maana tunasema matenga mawili: moja la nguo zenye jasho na vumbi tu, moja la nguo zilizopatwa na najisi. Karibu na la pili pawe na ndoo na kopo la kumiminia. Mtoto wa miaka saba anaweza kufundishwa tofauti ya matenga hayo, na hapo atakuwa amejifunza tahara kabla hajaisoma madrasa.

Jiki, inzi na sitara

Kuna mambo matatu tunayoomba yasiachwe.

La kwanza ni jiki. Watu wengi huinunua ya kupima, ikatiwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa chini. Mtoto anaijua chupa ile kuwa ni ya soda. Itafutie chupa ya namna nyingine, iandike, iweke juu kabisa. Usiichanganye na dawa ya choo, na usiimimine juu ya nguo yenye mkojo kabla ya kuisuuza, kwa sababu mvuke unaotoka ni sumu ya kifua. Na madoa ya damu yaloweke kwenye maji baridi, maji ya moto huyagandisha doa kwenye uzi.

La pili ni kuanika. Nguo nyeusi na kitenge cha rangi kali zigeuzwe ndani nje, zianikwe kivulini penye upepo. Nyeupe, mashuka na nepi zipigwe na jua. Zote ziwe kwenye kamba, si kwenye nyasi wala ukuta. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye udongo na kwenye nguo mbichi, hasa za kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu. Nguo ikauke kabisa, na pasi ipite kote, hata kwenye mikunjo na kiunoni.

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini, nasi tunalisema wazi. Mabinti zetu wanaotumia vitambaa siku zao wanavianika chini ya godoro au nyuma ya mlango, kwa aibu, vikauke vikipenda. Kitambaa kibichi kinachokaa gizani kinazaa vijidudu, na kesho binti anajikuna darasani na hawezi kumwambia mtu. Si kosa lake. Ni kwamba nyumba nzima haikumtengea kamba. Uzio mdogo wa makuti, turubai au khanga kuukuu, juu pawe wazi jua liingie, unampa sitara na afya kwa pamoja. Kama utafanya jambo moja tu katika makala hii, fanya hili.

Nani anafua?

Tunajua mtakachosema. "Mashine ndiyo dawa." Hatuipingi mashine, aliyejaaliwa na ainunue. Lakini mashine haichambui nguo, haianiki, haikunji, haipigi pasi, na huku kwetu haiji na maji wala umeme wake. Mashine ikiingia kwenye nyumba isiyo na utaratibu, yule yule aliyekuwa anafua ndiye atakayeibebea maji.

Na yule yule ni nani? Ni mama, au ni binti mkubwa, au ni dada wa kazi ambaye naye ni binti wa mtu. Jumamosi nzima kaka zake wako uwanjani, yeye yuko kwenye beseni. Jumapili anajaribu kusoma huku mikono inawaka kwa sabuni. Halafu matokeo yakitoka tunashangaa.

Hapa ndipo tunapotaka msaragambo. Kila aliyefikia umri wa kuvaa sare ya shule afue soksi zake na nguo zake za ndani. Kijana wa kiume ajue kupiga pasi shati lake na kurudishia kifungo. Uzi na sindano vikae kwenye kopo hapo hapo penye kamba, maana kifungo kilicholegea kikionwa kabla ya kufua hakipotei. Sare zifuliwe Ijumaa jioni au Jumamosi, mashuka siku yake, kanzu na mabaibui ya Ijumaa yamalizike Alhamisi. Zamu iandikwe ukutani, na jina la baba liwemo.

Atakayesema hiyo si kazi ya wanaume, tumkumbushe kwa adabu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, mpaka wakati wa swala ukifika akatoka. Na imepokewa pia kwamba alikuwa akiishona nguo yake mwenyewe. Sisi mafundi cherehani tunalipenda sana hilo. Kama yeye hakuona unyonge kushika sindano, nani kati yetu atakayeona unyonge kushika kibanio cha nguo?

Dada zetu, hesabuni gharama. Pipa, kamba mbili, matenga mawili, meza ya mbao na uzio mdogo havifiki bei ya kochi moja. Kochi litakaliwa na mgeni mara moja kwa wiki. Meza ya kufulia itashikwa karibu kila siku na mtu unayempenda. Wiki hii kaeni na watu wa nyumbani kwenu, mchague kona, mgawane zamu. Baada ya hapo, mashine ikija, itakuta mahali pake pameshaandaliwa.

Allah atufanyie wepesi. Amin.