Mjomba Wetu Hashitakiwi

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba wala mali ya umma ni watu wa mbali, wa Dodoma na Dar es Salaam, wenye magari ya vioo vyeusi. Leo nataka kuungama, ndugu msomaji, kwamba mmoja wao nilimlinda mimi mwenyewe, katika kijiji kilicho kando ya barabara ya kutoka Dongobesh kwenda Haydom. Nilimlinda kwa sababu alikuwa mjomba wangu.

Ilikuwa mwaka 1996. Tulikuwa na pampu ya maji iliyoendeshwa kwa dizeli, na kila kaya ilichanga. Mjomba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa katibu. Kiangazi cha mwaka ule pampu ilinyamaza. Dizeli haikuwepo, na fedha zake pia hazikuwepo. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, mama mmoja mzee alisimama akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye unayejua hesabu. Tusomee daftari."

Daftari lilikuwa kwapani mwangu. Kabla sijafungua mdomo, wazee wa ukoo wetu walikwisha kusimama. Walisema anayetukanwa hapa si mwenyekiti, ni ukoo mzima. Walisema watu wa ng'ambo ya korongo wametuonea wivu tangu zamani. Walisema wakati wa shida si wakati wa kugombana. Baada ya nusu saa hakuna aliyeikumbuka dizeli. Watu waliondoka makundi mawili, bila kuagana. Mimi sikulisoma daftari. Wanawake waliteka maji korongoni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi, mpaka mvua ziliponyesha.

Nimekisimulia kisa hiki kidogo kwa sababu kila nisikiapo kwamba rais wa nchi fulani anachunguzwa kwa jinai, nauona ule mkutano wetu.

Nilivuona Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliuana Eldoret, Naivasha, Nakuru, Kisumu na mitaa ya Nairobi. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133, na zaidi ya watu 600,000 walikimbia makwao. Tume ile ilitaka mahakama maalumu iundwe Kenya kwenyewe. Februari 2009 wabunge wa Kenya waliukataa muswada wake. Hivyo bahasha ya majina ambayo Tume ilimkabidhi Kofi Annan ikaishia mikononi mwa mwendesha mashitaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Mwaka 2011 Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa miongoni mwa Wakenya sita walioitwa kujibu.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2007 wawili hawa walikuwa kambi mbili zilizopingana, na watu wa makabila yao ndio waliochinjana katika Bonde la Ufa. Wito wa The Hague uliwaunganisha kuliko mkutano wowote wa amani. Waliunda muungano mmoja, wakapita nchi nzima wakifanya maombi na mikutano ya hadhara, na mashitaka ya watu wawili yakageuka kuwa mashitaka ya makabila mawili. Katika mdahalo wa kampeni mwaka 2013 Kenyatta alisema kesi ile ni changamoto yake binafsi. Machi mwaka huo alichaguliwa kwa asilimia 50.07. Alipokwisha kuapishwa, kesi haikuwa ya mtu tena, ikawa ya Jamhuri. Septemba 2013 Bunge lao lilipiga kura kutaka nchi ijitoe katika Mkataba wa Roma. Oktoba 2013 wakuu wa Afrika walikutana Addis Ababa wakaazimia kwamba kiongozi aliyeko madarakani asipelekwe mbele ya mahakama yoyote ya kimataifa. Ukoo ulikuwa umesimama.

Mashahidi walianza kujitoa mmoja baada ya mwingine. Desemba 2014 mwendesha mashitaka Fatou Bensouda aliifuta kesi ya Kenyatta kwa kukosa ushahidi, huku akilalamika kwamba serikali haikumpa nyaraka alizoomba. Aprili 2016 kesi ya Ruto nayo ilikoma. Kisheria hawakutiwa hatiani, nami siwatii hatiani hapa. Ninachouliza ni hiki: waliokimbilia kanisani Kiambaa na kuteketezwa humo siku ya Mwaka Mpya 2008, waliuawa na nani? Tulipokuwa tukibishana juu ya heshima ya Afrika, hakuna aliyelisoma daftari.

Sisi Watanzania hupenda kuwasema Wakenya kwa ukabila wao. Nyani haoni kundule. Wao walihitaji mikutano na maombi kumkinga mkubwa. Sisi tumeyamaliza yote kwa maandishi. Fungua Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 46. Rais akiwa madarakani ni marufuku kumshitaki kwa kosa lolote la jinai. Hilo naweza kulivumilia, maana nchi nyingi zinalo. Lakini endelea hadi ibara ndogo ya tatu. Akisha kuondoka madarakani pia ni marufuku kumshitaki kwa jambo alilolifanya akiwa Rais. Kuna tundu moja tu, Ibara ya 46A: Bunge limwondoe kwanza kwa theluthi mbili ya kura. Tangu ibara hiyo ilipoingizwa mwaka 1992 haijatumika hata mara moja, wala sitegemei wabunge ambao mwenyekiti wa chama chao ndiye Rais mwenyewe waitumie kesho. Na kama kwamba hayo hayatoshi, mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria ili mashauri ya haki za msingi dhidi ya Rais, Makamu, Waziri Mkuu, Spika na Jaji Mkuu yafunguliwe dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali badala ya wao wenyewe.

Wakenya, pamoja na ukabila wao, waliandika vizuri zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 143, inamkinga Rais akiwa madarakani, lakini inasema wazi kwamba kinga hiyo haimfuniki kwa makosa ambayo mkataba wa kimataifa uliokubaliwa na Kenya unakataza kuyakinga.

Usiniambie haya ni ya wanasheria. Baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 damu ilimwagika katika miji yetu, na idadi ya waliokufa ikabishaniwa hata kabla ya matanga kwisha. Novemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Simsemi vibaya Jaji huyo, wala simtuhumu mtu. Nasema jambo moja tu: tume iliyoundwa na Rais hupeleka taarifa yake kwa Rais, na kama nyayo zingefika mlangoni pa Rais yeyote yule, Ibara ya 46 ingekuwa imesimama hapo kama bawabu. Hata asiye na kosa hunyimwa hapo nafasi ya kusafishwa.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema nchi itayumba. Oktoba 2014 Kenyatta alimkabidhi Ruto madaraka kwa muda, akapanda ndege, tarehe 8 akaketi mbele ya majaji The Hague, kisha akarudi nyumbani. Kenya haikuanguka. Ni kweli kwamba Afrika ya Kusini, Jacob Zuma alipofungwa Julai 2021 kwa kuidharau mahakama, zilizuka ghasia zilizoua zaidi ya watu 300. Gharama ipo, na mimi siifichi. Lakini gharama hiyo huletwa na watu waliofundishwa miaka mingi kwamba mkubwa huyu ni wao, na akiguswa wameguswa.

Wa pili atasema hii ni mbinu ya mabeberu. Namkubalia nusu. Mahakama ile kwa miaka mingi iliwaona Waafrika peke yao. Lakini Tanzania iliuridhia Mkataba wa Roma kwa hiari yake mwaka 2002, na mkataba huo hautambui kinga ya rais. Maana yake tumefunga mlango wa nyumbani kwa komeo, halafu tunakasirika watu wakipitia mlango wa jirani. Anayechukia The Hague na aifungue mahakama ya hapa.

Wa tatu atasema mnyonge hawezi kushindana na Serikali. Huyo nitampeleka Kambi ya Simba, Mbulumbulu, huko Karatu ambako zamani kulikuwa sehemu ya Mbulu. Mwaka 1992 ilitungwa sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi na kuwazuia wenyewe kwenda mahakamani. Baba na mwanawe, wakulima, waliipinga, na katika kesi inayojulikana kwa jina la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua mwaka 1994 kwamba kumfungia mwananchi mlango wa mahakama ni kinyume cha Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ndiye aliyekata rufani. Wakulima ndio waliobaki na hoja hiyo mkononi. Kama mlango haufungwi kwa ajili ya shamba, unafungwaje kwa ajili ya damu?

Majirani zetu Wabarabaig wa Hanang walilijua jambo hili kabla ya Katiba zote. Mwanamume akiwakosea wanawake heshima yao, wanawake hukusanyika chini ya mti na kumhukumu, na faini yake ni dume la ng'ombe. Akikaidi ataogopa laana yao. Wanaoketi pale ni wake, dada na shangazi wa wanaume wa nchi ile ile. Hawaachi kuwa ndugu. Wanakataa tu undugu ugeuzwe kuwa shuka la kumfunikia mtu.

Ninachodai ni kidogo. Siku Katiba itakapoandikwa upya, ibara ndogo ya tatu ya Ibara ya 46 ifutwe. Rais akimaliza kazi arudi kuwa raia, na raia huulizwa. Na siku atakapoulizwa, awe wa chama chetu, wa dini yetu au wa kabila letu, tukae chini tumwache ajibu mwenyewe.

Mjomba alikwisha kufariki, tukamzika kwa heshima zote za ukoo. Yule mama mzee naye alikwisha kufariki, hakuniuliza tena. Daftari bado ninalo hapa Katesh, limeliwa na panya pembeni. Ukurasa wa mwisho unasomeka: michango ya kaya zote, lita zilizonunuliwa, na tofauti iliyobaki. Ni hesabu ya kutoa, ya darasa la tatu. Nilikuwa nikiifundisha kila mwaka.