Mzazi Akilalamika Ajibiwe

Wazazi wa Daraja Mbili, na ninyi nyote mkaao chini ya mlima Meru, swali letu ni moja. Mtoto asiyesikia, asiyeona vizuri au mzito wa kujifunza akiketishwa nyuma ya darasa bila msaada, malalamiko ya mzazi wake huishia wapi?

Mara nyingi huishia mlangoni. Mama huambiwa asubiri. Huambiwa vifaa hakuna. Huambiwa ampeleke mtoto shule ya mbali. Hurudi nyumbani akanyamaza, na mtoto akabaki ndani.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001 ili mtoto wa maskini aingie darasani. Lakini kuingia darasani si kusoma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yasema mtoto huyu asome shule ya kawaida pamoja na wenzake, ila pale mawasiliano yanapodai shule ya pekee. Yasema tena apewe msaada unaomfaa, kwa mwalimu aliyefunzwa au aliyewekwa kwa kazi hiyo. Basi mzazi anayedai haya haombi hisani, wala hagombani na mwalimu. Anadai sheria ya nchi.

Wala tusiambiwe kuwa ujuzi uko Ulaya. Chuo cha Ualimu Patandi, kinachofunza walimu wa elimu maalum, kiko hapo Tengeru, barabara ya Moshi, safari ya daladala tu. Mzazi ana haki ya kuuliza: katika shule za kata yetu wamepangwa walimu wangapi wa namna hiyo?

Ndugu wazazi, neno la mdomo huchukuliwa na upepo. Andikeni barua, wekeni tarehe, tajeni mtoto anakosa nini, na nakala mbaki nayo. Anzeni kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule. Msipojibiwa, nendeni kwa Afisa Elimu Kata, halafu kwa Afisa Elimu wa Jiji. Wenye shida moja waandike pamoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Nanyi wakubwa wa elimu, msimtupie mzigo wote mwalimu mwenye darasa lililofurika. Kama fedha hazipo, semeni hazipo, na mseme zitapatikana lini. Mzazi aweza kuvumilia jibu gumu. Kimya hawezi kukivumilia, kwa sababu mtoto anakua, na mwaka wa shule uliopotea haurudi.