Sheria isiyoeleweka haimlindi mwananchi

Mwezi wa Aprili 2019, serikali ilipokuwa ikiwasajili watu kwa ajili ya Huduma Namba, nilipanga foleni mjini Malindi pamoja na bibi kizee mmoja Mgiriama. Alipokwisha kuchukuliwa alama za vidole alinigeukia, akaniuliza: "Mwanangu, hivi vidole vyangu vinakwenda kukaa kwa nani?" Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, sikuwa na jibu.

Waama, hata sheria haikuwa na jibu kamili. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, usajili ukiwa umekwisha kufanyika. Mnamo Januari 30, 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba kukusanya vinasaba vya raia kulikiuka Katiba. Oktoba 14, 2021, ikabatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa data za watu. Mwaka wa 2023 ikaja Maisha Namba.

Leo sheria ipo. Inasema kwamba idhini ya mtu sharti iwe wazi, ya hiari na yenye ufahamu. Inaagiza pia mtu aelezwe haki zake na sababu ya kuchukuliwa data zake kabla hazijachukuliwa. Lakini sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza. Je, yule bibi aweza kuwa na ufahamu wa jambo asilopata kuelezwa kwa lugha aijuayo?

Wapo wanaosema kuwa usalama wa habari ni kazi ya mafundi wa kompyuta. Sikubaliani nao. Kufuli humzuia mwizi. Sheria humzuia hata mwenye ufunguo. Nayo haiwezi kumzuia iwapo mwenye mali hajui kuwa ana haki ya kuuliza.

Tuwatazame ndugu zetu Wapemba wa Kilifi na Kwale. Waliishi miongo mingi bila vitambulisho, hadi mwaka wa 2023 walipotambuliwa kuwa raia. Julai mwaka huo, walipokuwa wakikabidhiwa vitambulisho vyao, mtandao wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa na wadukuzi. Mtu aliyesubiri kitambulisho maisha yake yote hathubutu kuuliza alama zake zitahifadhiwaje. Kwa sababu hiyo, ni wajibu wa anayemsajili kumweleza kabla hajauliza.

Katiba, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi haki hizi zichapishwe kwa Kiswahili katika kila fomu ya usajili, na zisomwe katika mabaraza ya machifu, kwa Kigiriama pia inapobidi.

Nanyi walimu, msingoje serikali. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo kinaorodhesha haki za mwenye data. Kitafsirini darasani pamoja na wanafunzi wenu. Vijana hao watakapotimiza miaka 18 wataombwa vidole vyao. Na wajue cha kuuliza.