Mcheza Kwao Hutuzwa?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Swali ni hili: nani aamuaye kwao mtu ni wapi?

Paola Egonu, mchezaji wa voliboli ya kulipwa, alizaliwa mwaka wa 1998 mjini Cittadella, Italia, na wazazi kutoka Nigeria. Mnamo Oktoba 2022, baada ya Italia kutwaa nishani ya shaba katika Mashindano ya Dunia, alilalama kwa uchungu kuwa aliulizwa iwapo yeye ni Mwitaliano. Tarehe 11 Agosti 2024, jijini Paris, Italia iliilaza Marekani seti 3-0, ikajinyakulia dhahabu yake ya kwanza ya voliboli katika Olimpiki. Egonu aliteuliwa mchezaji bora wa mashindano. Punde si punde, picha yake iliyochorwa ukutani jijini Roma ikapakwa rangi ya waridi ili kuufuta weusi wa ngozi yake.

Wapo wanaodai kuwa dhahabu hiyo ni jibu tosha kwa wabaguzi. Hoja hiyo ina kasoro. Ikiwa uraia huthibitishwa kwa nishani, mtoto wa mhamiaji asiyejua kupiga mpira atauthibitisha kwa nini? Kwao mtu ni kwao, ashinde au ashindwe, atuzwe, asituzwe.