Mkataba Bila Hiari Si Mkataba

Mjadala wa ardhi ukizuka huku Longonot na Naivasha, hoja zile zile hurudi. Nazijibu kwa sababu zinapotosha jambo kubwa: kwamba serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya watu.

Wapo wasemao Wamaasai waliridhia wenyewe kuhama. Mwaka 1904 Olonana, laibon yaani kiongozi wao wa kidini, na wazee wenzake waliweka alama zao kwenye hati mbele ya Kamishna wa Kiingereza Donald Stewart, na hati yenyewe inataja hiari. Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini reli ilikuwa imeshapita, walowezi walizitaka nyanda hizi, sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imefyeka ng'ombe, na dola yenye jeshi ilikuwa upande mmoja wa meza. Tazama wazee waling'ang'ania nini: maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop wapate kuwatahiri vijana wao, na njia ya upana wa nusu maili ya kuunganisha maeneo mawili waliyotengewa, Laikipia na kusini. Anayehama kwa kupenda haombi abakiziwe mahali pa kutahiria wanawe. Hati iliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwaondoa Laikipia pia.

"Basi wangekwenda kortini." Walikwenda. Katika kesi ya Ole Njogo ya mwaka 1913, majaji walisema Wamaasai ni kama taifa la kigeni, kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya dola na dola, na hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuiamua. Siku ya kuhamishwa walikuwa raia wa kuamrishwa. Siku ya kudai wakawa wageni. Kiini cha dai lao hakikuguswa.

Kuna pia hoja kwamba ardhi ilikuwa tupu. Hii ina baba yake: mwanafalsafa John Locke, aliyeandika mwaka 1689 kwamba ardhi humilikiwa kwa jasho la mtu, akiwaza jembe. Hakuwaza mfugaji anayeacha majani ya olokeri, yaani malisho yaliyotengwa, yasiguswe mpaka kiangazi kikaze, wala anayehama ili malisho yapone. Hiyo nayo ni kazi.

Mwisho, husemwa kwamba haki ni zawadi ya serikali, na ukishapiga kura unyamaze miaka mitano. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataa yote mawili. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, nao wanaweza kuyatumia moja kwa moja au kupitia wawakilishi wao. Kifungu cha 19 kinasema haki ni za kila mtu, wala hazitolewi na Dola. Kifungu cha 67 kinaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za ardhi za zamani.

Kwa hiyo mkazi wa Longonot anayeuliza ardhi ya babu yake ilikwendaje anauliza swali la kikatiba, na serikali inawajibika kumjibu.